Madiski Haiwezi Kupanda Gari Moja

Weye mwenye unacheka hapo ku mulango, ingia. Na mwenzako mwenye masikio imefungwa na écouteur, toa kwanza, mi sina sauti ya kushindana na muziki. Mulisema munataka kusikia kazi ya mule chambre ya machine, kule ku radio. Na mulisema kitu ingine pia, munazania mukeka haina masikio: «Aa, koko, bintu ya zamani ile. Siku hizi byote iko mu nuage.»

Mu nuage! Hapa Bunia nuage inaletaga mvua, mvua inaleta matope, na matope inaingia mu nyumba yangu. Hiyo nuage yenu nayo iko na nyumba fasi fulani, na mule nyumba kuko madiski, na mbele ya madiski kuko mutu mwenye anaangalia taa. Mi nilikuwa ule mutu. Kaeni sasa.

Mi sikusoma. Mwenye anaandika aandike vile nasema, asinivalishe cravate.

Ile machine tulikuwa tunaiita kabati. Ni ya chuma, na uso yake iko na bitundu bitundu, sawa nyumba ya njiwa. Mu kila tundu diski moja imelala, na kila diski iko na taa kidogo. Taa ya kijani: niko muzima. Taa ya orange: naumwa. Taa nyekundu: muniombee. Ku masikio inafanya «mmmmmm» muchana kutwa, sawa bamama banaomba mu groupe ya maombi na kila mutu ameshika yake. Ukizoea ile mulio, siku moja akikosa mutu, unasikia.

Na mule ndani ya kabati kulikuwa sauti ya batu. Radio yetu ilikuwa na emission ya batu benye kupotezana. Nyinyi munajua vile inakuwaga. Kule Djugu risasi inalia, batu banakimbia, mama anatokea huku, mutoto anatokea kule. Basi journaliste anaenda na micro yake: jina yako nani? Mulitoka wapi? Sasa uko kwa nani? Sauti inaingia mu kabati, inapita ku hewa, na mu site moja ya bakimbizi mutu anasikia, anaruka, anamwanga bugali. Njo kazi ilikuwa ile. Hakuna mutu alikuja kuangalia kabati juu iko ya kupendeza.

Mwenye alinifundisha ni Ingénieur Asimwe, binti ya Boga. Kafupi hivi, anatembea sawa mutu mwenye kubeba mutoto mwenye amelala ku mugongo. Na sauti yake ya chini-chini: «Mama Lotsove, tuangalie kwanza. Kisha tuguse.» Moto ikiwaka, «tuangalie kwanza, kisha tuguse.» Siku ya harusi yake nilingojea padiri amuulize, nikasema moyoni, sasa atamuambia padiri tuangalie kwanza.

Siku ya kwanza mi niliingia mule na fagio, na nguvu yangu yote, juu nilikuwa nimeajiriwa kufagia. Akasimama mbele yangu.

«Mama, fagio haiingie humu.»

«Weye mutoto, utanifundisha mi kufagia?»

«Vumbi ya Bunia ukiipiga fagio, inaruka, inaingia mu pua ya machine. Ni vile unapanguzaga mutoto mwenye mafua.»

Akapiga magoti na ile jupe yake ya bureau, akashika kitambaa ya maji kidogo, akapanguza sakafu tangu mulango mupaka nyuma ya kabati, polepole, bila kunisemesha. Diplome yake ilikuwa inaninginia ku ukuta na yeye iko chini anapanguza. Mi nilisema, hii moja nitamufuata.

Sasa kazi yenyewe. Fungueni masikio, juu hapa njo batu mingi banaangukaga. Diski inakufa. Musilie, ni kuzunguka tu inazunguka, na kila chenye kuzunguka iko na siku yake. Kama ulitia sauti yote mu diski moja, ikikufa, umezika byote. Basi mi nikamuuliza: lakini diski ikikufa, sauti yenye ilikuwa ndani inarudia namna gani? Ni uchawi?

Akanijibu na swali, njo tabia yake. «Mama, mu chorale yenu kuko sauti ngapi?»

Nikamuambia: soprano, alto, ténor, basse. Na nikamuimbia zote, juu mi sijikataze.

«Kama siku ya répétition alto amekosa?»

«Naimba yake mi mwenyewe. Wimbo yote naijua, bengine nabasikia, pale shimo inabaki njo fasi yake.»

«Basi umeshaelewa. Kila wimbo tunaikata bipande-bipande, tunagawa ku madiski. Na tunaweka pembeni kumbukumbu ya vile byote inalia pamoja. Ile kumbukumbu banaiita parité. Diski moja ikikosa, zenye zimebaki na kumbukumbu banajaza shimo. Njo banaiita RAID cinq.»

«Na kama alto na soprano wote wawili bamekosa?»

Akacheka kidogo. «Weye mwenyewe niambie. Unaweza kuwaimba wote wawili?»

Nikajaribu. Nikakwama. Nikasema: «Hapo sasa nitaanza kubuni.»

«Sauti ya batu haibuniwe, mama. Njo juu ya ile nataka kumbukumbu mbili, kila moja imehesabiwa kwa njia yake. Wakikosa wawili, tungali na wimbo. Ile njo RAID six.»

Iko vile. Mi nimebeba ile chorale mu kichwa mupaka leo, na ilinisaidia kuliko mapicha yote yenye walinichorea ku tableau.

Lakini sasa muende muambie Directeur! Directeur wetu alikuwa muzuri, lakini Mungu alimupa sauti ya radio na akasahau kumupa fasi ya kuizimia. Hata kuomba chai: «Chers collaborateurs! Chai! Iko! Wapi!» Siku ile akaingia, kifua mbele:

«Ingénieur! Radio iko na njaa ya nafasi! Weye unataka kunilalishia madiski mbili juu ya kumbukumbu, na moja ingine inalala tu, haifanye kitu, sawa mutu ya pension!»

«Ile yenye kulala njo ya secours, Directeur. Mwenzake akikufa, iko tayari kuingia fasi yake.»

«Tuziweke zote ku kazi! Zote!»

«Tunaweza. Banaiita RAID zéro. Nafasi itakuwa mingi sana. Na siku diski moja tu ikikufa, radio haina sauti hata ya jana.»

Directeur akarudisha kifua nyuma. «Basi… cinq. Tupoteze moja. Mi nakubali moja.»

Asimwe hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema: «Directeur, hii madiski ni kubwa. Moja ikikufa, kuijenga upya inaomba siku nzima na ingine inaweza kupita. Ile muda yote zenye zimebaki zinafanya kazi yao na kazi ya marehemu, bila kupumuzika. Njo pale ya pili inaangukaga. Si siku ya kawaida. Siku ya kilio.»

«Na kama haianguke?»

«Utanicheka.»

«Na kama inaanguka?»

«Mi sitakucheka.»

Directeur akamuangalia, akaniangalia mi na kitambaa yangu, akasema na sauti ndogo yenye sikujua kama iko nayo: «Fanya six.» Mutu mwenye anaweza kushindwa vile na asiweke kinyongo, munapaswa kumuheshimu. Mi nilimuheshimu tangu pale, hata kama chai nilimupelekeaga ya baridi.

Na musizanie six ni ya kila fasi. Ile ordinateur kidogo ya studio, yenye inatoa sauti ku hewa dakika kwa dakika, ile aliipa madiski mbili tu, moja kioo ya ingine. Yenye hii inaandika, na ingine inaandika. Inakula nusu ya nafasi, lakini iko mbio na haina mahesabu. Pale fasi ni kidogo na haraka ni kubwa, weka kioo. Pale mali ni mingi na inakaa miaka, weka kumbukumbu mbili. Alinirudilisha hiyo mupaka nikaota.

Ah, na hiyo kioo ilituletea aibu. Kulikuja technicien moja, kijana ya lunettes ya jua, hata ndani ya nyumba hatoi. Ku kioo diski moja ilikuwa inaumwa. Asimwe alikuwa na homa kwake. Kijana anaingia: «Mama, tulia, ni kazi ya dakika. Bamenionyesha ku écran, ni diski numéro un.» Akaenda ku ya kwanza kushoto, akaivuta, pwaa! Sasa ile machine haihesabu sawa mimi na weye. Ya kwanza inaiita zéro. Un ni ya pili. Kijana alivuta yenye ilikuwa nzima, akabakiza mugonjwa peke yake, na mugonjwa akazimia palepale.

Radio ikanyamaza. Bunia yote ikasikia vile tumenyamaza! Bamama ya soko banasema, kumetokea nini? Bamotard banasimamisha pikipiki, banapiga-piga poste ya radio. Na Directeur ku kiwanja bila micro: «Chers auditeurs! Restez calmes!» Na bamusikia kweli, mupaka Bigo bamusikia.

Asimwe akarudi na homa yake, akatia kila moja fasi yake, hakutukana. Lakini toka siku ile akaweka sheria: diski haivutwe na mutu moja. Kwanza unaamuru machine iwashe taa ya ile tundu, ipepese, «ni mi hapa, ni mi hapa.» Mutu moja anasoma kwa sauti, wa pili anaweka kidole ku tundu na anarudilia. Kisha unavuta. Mi njo nilikuwa wa pili. Kijana ya lunettes naye alikuja kuwa fundi mukubwa sana, nasema kweli, lakini mupaka leo tukikutana ku barabara namuambiaga «bonjour, Zéro,» na anatoa lunettes.

Sasa nasogea ku kitu yenye hamutaisoma mu kitabu ya bazungu.

Wakati wa kununua madiski, commerçant alileta carton moja mupya. Anaifungua sawa anafungua mahari: «Ingénieur, angalia! Ni bapacha hawa! Numéro inafuatana, moja, mbili, tatu, bamezaliwa siku moja, bamesafiri carton moja, gari moja!»

Asimwe akafunga carton. «Njo juu ya ile nakataa.»

«Unakataa bintu mupya?»

«Papa, weye uko na batoto. Barabara ikiwa mubaya, unabatia wote mu gari moja?»

Mu ile nyumba hakuna mutu aliuliza maana. Siye wote hapa tunajua. Barabara ikichafuka, baba anapita na bakubwa leo, mama anangojea gari ingine na bale badogo, ya kunyonya anabaki kwa shangazi mupaka juma ingine. Si kupenda kuachana. Ni juu kitu ikipata gari moja, jina ya nyumba isiishe. Asimwe mwenyewe njo vile alitoka Boga akiwa mudogo, alipita na mujomba, mama yake akapita njia ingine.

Basi madiski yetu ikakuja vile. Zingine njia ya Aru. Zingine zikavuka ziwa mupaka Kasenyi. Na mi nikasema, tutajua je nani alipanda nini? Nikakata bipande ya bikwembe yangu, nikafunga uzi kidogo ku mukono ya kila diski: kitambaa ya maua, ni ya Aru. Ya mistari, ni ya ziwa. Asimwe alifurahi sana, akasema hiyo haimo mu mwongozo ya bale benye walitengeneza. Nikamuambia bale benye walitengeneza hawana bikwembe.

Lakini tatu zilikosekana, na commerçant akazileta kwa camion ya Komanda, zote tatu pamoja, na ile camion ilianguka mu matope mbele ya kufika. Asimwe alizipima, zikajibu muzuri. Hakukuwa zingine. Akazitia, roho juu-juu. Mi nikazifungia kitambaa ya matone. Tukazipenda sawa zingine, lakini tukaziangalia mara mbili.

Miaka ikapita. Sasa asubui moja courant inakatika. Groupe, ile jenereta yetu, inachelewa kuamuka, juu kijana ya groupe alikuwa anabishana na carburateur. Na onduleur, yenye kazi yake ni kubeba machine mpaka groupe iamuke, batri yake ilikuwa imezeeka. Ikafanya «tii, tii, tiiiiii,» ikakata roho. Kabati ikazima. Ile «mmmm» ikanyamaza, na mi nikakimbia mbele ya kabati.

Groupe ikaamuka, kabati ikawaka. Lakini diski yenye imezunguka miaka mingi, haipende kusimama. Ni sawa mi hapa: nikiisha kukaa ku mukeka, kunisimamisha inaomba batu. Taa zikaanza kuwaka, kijani, kijani, kijani… na moja nyekundu. Ya matone. Na jirani yake, orange. Nikainama kuangalia kitambaa: matone.

Ya tatu yenye matone ilikuwa ingali kijani. Nikaiangalia sawa munaangalia mutoto wa tatu kama bawili bameshaanza kukohoa.

Asimwe akakuja mbio, yeye mwenye hakimbiage. Akaangalia, mikono nyuma. Na mu ile dakika yenyewe, ku mulango kukasimama mama moja, kikapo ku kichwa, vumbi mupaka magoti.

Aliitwa Mama Ngave, mulimaji wa Bule, sasa anaishi ku site. Alikuwa amepoteza mutoto yake, Lokana, siku walikimbia. Sasa jirani amesikia emission: mutoto wa Bule, anaitwa Lokana, iko Boga, kwa… Na pale jirani alikuwa anasikia jina ya nyumba, motard akapita: vruuuum! Jina ikaenda na motard.

«Munisikilizishe tu,» Mama Ngave anasema. «Boga ni kubwa, na njia haiko ya kuzunguka-zunguka unauliza nyumba kwa nyumba. Nataka kujua iko kwa nani. Nitaenda fasi moja, nimushike, nirudi.»

Journaliste mwenye alichukua ile sauti alikuwa njiani, fasi haina réseau ya simu, na appareil yake ya kuchukulia sauti alishaifuta juu ya kuchukua sauti ingine. Asimwe alikuwa pia na desturi ya kutosha copie, ni kusema nakala, ya byote kila Vendredi, mara moja kwa juma, na kuipeleka nyumba ingine kule Bigo, juu alisemaga: kumbukumbu mbili inakuokoa na diski kufa, haikuokoi na mwizi, wala moto, wala mukono yako mwenyewe yenye kufuta. Lakini Lokana aliingia nyuma ya ile Vendredi. Sauti yake ilikuwa fasi moja tu mu dunia: mule, ku kabati yenye kuumwa.

Directeur akafika. «Zimeni! Muwashe tena! Itapona!»

«Directeur, ikizima tena, hii ya tatu haitaamuka. Tatu zikikosa, hatuna wimbo.»

«Basi tia ile ya secours! Ijenge mara moja!»

Na hapa, batoto yangu, fundi mingi wangefanya vile. Taa nyekundu inawasha mukono. Asimwe alisema: «Nikianza kujenga sasa, kila diski itasomwa toka mwanzo mupaka mwisho, bila kupumua. Hii yenye orange itakufa mu ile safari, na ya tatu inaweza kuifuata. Kwanza tutoshe sauti ya mutoto mu kabati. Kisha sauti zenye hazina copie. Kisha tujenge.» Kisha akamuangalia Directeur. «Na nataka hakuna mutu aguse kabati ile muda. Hata wimbo moja isisomwe.»

«Lakini ordinateur ya studio inavutaga nyimbo zote toka mu kabati. Nitatia nini ku hewa?»

«Sauti yako.»

Batoto, mulipaswa kumuona. Alifunga cravate, akaingia studio, akafunga mulango, na akasema. Bila wimbo, bila jingle, bila karatasi. Alisema juu ya bei ya maharagi, alisema namna ya kuchemusha maji, alisalimia Nyakasanza, alisalimia Mudzi-Pela, akaeleza vile bibi yake alimukatalia mara ya kwanza, «Chers auditeurs, elle a dit non! Non!» Hakukohoa hata mara moja. Ile sauti yenye tulikuwa tunaikimbia mu couloir, siku ile ilibeba radio nzima ku mugongo.

Siye mu chambre ya machine: Asimwe ku écran, Mama Ngave ku kiti yangu, mi mbele ya taa. Asimwe akaamuru copie. Mustari kidogo ikaanza kusogea, polepole, sawa konokono mwenye hana deni ya mutu.

Ikafika katikati. Ile orange ikapepesa, ikapepesa, ikawa nyekundu.

Mustari ikasimama.

Mama Ngave hakujua écran, lakini alijua uso yangu. Akasema: «Amekufa?»

Nilikuwa na kidole ku ya tatu yenye matone, bila kuigusa, hivi tu, sawa unaweka mukono mbele ya mutoto pale gari inapita. Kijani. Kijani. Asimwe mikono yake ilikuwa juu ya bitufe ya clavier na haikushuka. Hakugusa kitu. Munajua ile inaomba nguvu gani, kujua kufanya na usifanye? Ku ukuta sauti ya Directeur inasema maharagi, maharagi.

Kabati ikafanya «mmm,» chini zaidi, sawa basse anavuta pumuzi. Mustari ikasogea. Ya maua zikapepesa, ya mistari zikapepesa, zinahesabu shimo mbili kwa mara moja, zenye zilipita Aru na zenye zilivuka ziwa. Ikasogea. Ikasogea. Ikafika.

Asimwe akaweka ile sauti mu clé USB, kisha mu clé ya pili, kisha mu ordinateur yake. Kisha tu akafungua.

Journaliste anauliza jina.

«Lokana. Wa Bule. Mama yangu anaitwa Ngave. Anapikaga sombe bila chumvi.»

Journaliste anacheka. Sasa uko kwa nani?

«Kwa Mama Kaija, nyuma ya moulin ya kusaga unga, Boga. Kuko mbuzi lakini haiko yangu.»

Mama Ngave akasimama. Kikapo ikaanguka. «Bila chumvi! Ku radio! Bunia yote imesikia! Chumvi ilikuwa imeisha, barabara ilikuwa imefungwa, yeye mwenyewe alikula na akaomba ingine!» Anacheka, machozi inashuka mupaka mu shingo, anapiga meza. «Weka tena. Weka tena nimusikie vile ananichafua.»

Asimwe akaweka tena. Na tena. Kisha akatosha zingine zenye hazina copie, moja kwa moja, kila sauti na jina yake, na ya tatu yenye matone ikashika mupaka mwisho. Kisha akasema, «Mama Lotsove,» na mi nikajua. Akasoma tundu, nikaweka kidole, nikarudilia, akavuta marehemu wa kwanza. Ya secours ikaingia ku kazi ya kujenga. Ilifanya mupaka kesho yake na zaidi, na wa pili naye tulimubadirisha, na ile ya tatu tuliipumuzisha ingali kijani, na heshima yake yote.

Lakini ile muchana, Directeur angali mu studio, Asimwe alifungua mulango na akaingiza Mama Ngave kule ndani. Directeur alikuwa amebakiza nusu ya sauti. Akasogeza micro, akamuonyesha na kidole: sema hapa.

Batu bengine bakifika pale banasalimia kwanza, banataja ukoo yote, banashukuru Mungu na radio. Mama Ngave akashika micro na mikono mbili.

«Lokana. Ni mama. Chumvi iko. Nakuja.»